Uwanja wa Kupuria Miaka

Kitendawili. Nyumba yangu ina mlango mmoja, mlango wenyewe uko tumboni, na mgeni haingii kwa miguu ila kwa kidole. Mtasema gitaa, na mtakuwa mmepata. Lakini Severino, aliyekuwa ameibeba nyumba hiyo mgongoni akipanda mlima wa mawe meupe, asubuhi ile asingepata hata mngempa mji mzima. Kila alipojitegea mwenyewe njiani, jibu lililomjia lilikuwa jingine: hilo ni tumbo la mwizi.

Ilikuwa nchi isiyo na jina, au ilikuwa nalo na watu wake wakaliweka mahali wasipopakumbuka. Miti yake ilikuwa mizeituni. Nyumba zake zilipakwa chokaa hadi jua likawa linaziangalia kwa jicho moja. Ngoma zake zilichezwa kwa visigino, na ukutani mwa kila nyumba lilitundikwa gitaa, kama kwingine unavyotundikwa ungo. Na sheria kubwa ya nchi ile ilikuwa hii: aliyesema “nimeota” haulizwi zaidi. Shamba ukiliota, ni lako. Cheo ukikiota, kaa kitini. Ndoto haina shahidi wala jirani wa kupinga, na ndiyo maana wenye kuota sana walikuwa watu wa mjini, watu wa kalamu. Mtu anayeamka alfajiri kumfunga nyumbu, huyu mtoto wa punda na farasi, ndoto ataipatia wapi?

Chini ya sheria hiyo ilikuwako desturi ya watu wa mlimani, ambayo haikuandikwa popote. Ukiusikia wimbo katika uwanja wa mtu ukaupenda, uchukue. Wimbo si mbuzi, haufungwi kamba. Ila mavuno yakirudi, nawe urudi. Uupige mbele ya mwenyewe. Mwenyewe akisema “umefika,” mnakula mkate pamoja, na tangu hapo wimbo una watu wawili. Akisema “rudisha,” unakatwa kucha za mkono wa kulia palepale uwanjani, na wimbo ule hutaugusa tena maisha yako yote. Asiyejua gitaa atacheka, atasema kucha ni kitu gani. Kwa mpiga nyuzi sita kucha ndizo ulimi wake. Anazifuga, anazipiga tupa, anazitunza kuliko meno. Kucha zitaota tena, hilo kweli. Wimbo hauoti.

Severino hakuwa amerudi. Mavuno thelathini na moja yalikuwa yamepita.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa ndefu, tena yenye mazulia. Akiwa na miaka ishirini na minne alipanda mlima huu na daftari, akakaa ukingoni mwa uwanja wa mviringo ambako mwanamke mmoja, Leokadia, alikuwa akipura ngano kwa nyumbu na kuimba. Akaandika kuanzia alfajiri hadi adhuhuri, akala tini alizopewa, akashuka. Huko mjini akautengeneza wimbo ule ukawa kazi kubwa ya gitaa moja peke yake, yenye sehemu tatu. Aliulegeza uzi mnene ukanguruma kama tumbo la ardhi. Akaupitishia kucha za nyuma, zile za kukwaruza nyuzi zote kwa mkupuo, zikalia kama visigino vya wachezaji. Akautia mtetemo wa vidole vitatu. Walipomuuliza ameupata wapi, alisema, “Nimeota.”

Hakuulizwa zaidi.

Ukapigwa katika kumbi, santuri zikauzungusha, na mahali paliposifiwa kuliko pote palikuwa katikati, ambapo gitaa linakatika ghafla na kukaa kimya kwa mapigo manne. Maprofesa waliandika vitabu juu ya mapigo hayo manne. Walisema kimya kile kinamuuliza binadamu swali la mwisho: wewe ni nani? Watu wakaacha hata kumwita jina lake. Wakamwita Bwana Kimya. Naye, kila alipofika pale, akinyanyua mkono juu ya nyuzi ukumbi mzima ukiziba pumzi, alikuwa mtu pekee duniani aliyesikia kilichomo. Alimsikia Leokadia akiukata wimbo katikati kumkemea nyumbu wake, aliyekuwa na tabia ya kusimama kila mzunguko mahali palepale: “Baba punda, mama farasi, wewe nani? Tembea, mla bure wee!”

Hayo ndiyo aliyoyatoa. Maneno hayo tu. Mengine aliyapamba, hayo aliyafuta.

Na pengine angekufa nayo, akazikwa na shada la maua, kama si kicheko. Juma lililopita, katika ukumbi mkubwa wa mji, alipofika kwenye kimya, mtu mmoja alicheka huko nyuma. Si kicheko cha dharau. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyemwona ndugu yake sokoni. Severino alimaliza kupiga huku jasho likimtiririka mgongoni. Watu walipotoka, alimkuta mfagiaji wa ukumbi, mwanamke wa makamo aitwaye Prudensia, akikusanya karatasi chini ya viti.

“Ni wewe uliyecheka, mama?”

“Nisamehe, bwana. Nilijisahau.”

“Sikukasirika. Nataka kujua tu.”

Prudensia aliegemea ufagio. “Hapo uliponyamaza, kwetu mlimani ndipo nyumbu anapotukanwa. Nikamsikia Leokadia kabisa, kama kasimama nyuma ya pazia. Nikasema, lo, maskini, kazibwa mdomo na nani?”

Severino alitafuta kiti, akakikosa, ingawa vilikuwa mia nane. “Bado yu hai?”

“Anapura.”

“Anapura nini, wakati huu wa mwaka?”

“Mwaka gani? Ngano ileile. Tangu kijana mmoja wa mjini aondoke na wimbo asirudi, nyumbu hatembei sawasawa na ngano haiishi. Siku ile haijachwa bado.” Akamtazama kuanzia viatu hadi kucha. “Sisemi ni wewe. Wewe uliota.”

Akaendelea kufagia. Alifagia mpaka kwenye viatu vya Severino, akavizunguka, akaenda zake.

Basi ndiyo huyu sasa anapanda. Na mlima ule, kama mambo ya nchi ile yalivyokuwa, haukupandwa kwa hatua. Ulipandwa kwa aibu. Kila aliposimama kujitetea, njia ilirefuka mbele yake. Kila alipokiri jambo moja, jiwe moja lilipungua. Alisema moyoni: niliupamba mwenyewe, kazi ya vidole ni yangu. Njia ikarefuka. Akasema: wangapi wamechukua, mbona hawapandi milima? Ikarefuka tena, ikapinda hata akaona mgongo wake mwenyewe ukitangulia. Akakaa chini, akajiuliza.

Wimbo ni wa nani? Wa aliyeuimba? Naye aliusikia kwa mwingine. Wa aliyeuandika? Karatasi haiimbi. Wa anayeusikia? Anausahau akifika kwake. Labda wimbo hauna mwenyewe, kama upepo. Uongo. Upepo haujawahi kumlisha mtu tini. Mimi nililishwa. Nilikula tini saba, nikahesabu, nikaandika hata idadi ya tini daftarini. Jina la mwanamke sikuandika. Kwa nini tini niliziandika? Kwa sababu tini hazingenidai. Haya, sema. Kwa sababu tini hazina mdomo.

Aliponyanyua macho, alikuwa amefika.

Uwanja ulikuwa duara la mawe yaliyobanana, pana, lenye ukuta mfupi ukingoni, limesuguliwa na kwato hadi likang'aa, mfano wa tundu la gitaa lililolazwa chali juu ya mlima likiitazama mbingu. Ngano ilitandazwa juu yake. Nyumbu alizunguka akiburuta ubao mpana uliopigiliwa vijiwe vya gumegume upande wa chini, vile vinavyokata mabua na kuzitoa punje. Nyuma yake alitembea Leokadia, kamba mkononi. Na hapa Severino alishika ukuta asianguke. Upande wa mashariki wa duara Leokadia alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, shingo imesimama, kama alivyomwacha. Akielekea kusini mvi zilimwingia moja moja. Upande wa magharibi alikuwa bibi kizee aliyepinda, anavuta mguu. Kisha anapita kaskazini kwenye kivuli, anatokea tena mashariki akiwa kijana. Kila mzunguko alipewa umri wake wote na kunyang'anywa, wala hakuonyesha kujali. Alichojali ni ngano. Na ngano haikuisha.

Hakuwa akiimba.

Ukingoni walikaa wanawake wa kijiji, uma zao za mti mikononi, wakingoja kupepeta. Mmoja aliyejifunga kitambaa chekundu alimwona mgeni wa kwanza.

“Jamani, na huyu anatoka wapi na jeneza la mtoto mgongoni?”

“Labda anauza viatu,” akasema mwingine. “Hebu ona alivyovaa vya kwake.”

“Karibu, mgeni,” Leokadia alisema alipofika upande wa magharibi. Sauti yake ilikuwa kavu kama bua. “Jihadhari na nyumbu. Anapiga teke wenye viatu vizuri.”

“Ahsante, Mama. Nimekuja kupiga wimbo.”

“Wa kurudisha, au wa kuombea mkate?”

Hapo ndipo angesema. Mlima mzima alikuwa ameupanda kwa ajili ya neno moja, na neno lilikuwa limekaa mdomoni tayari. Ulimi ukajikunja. “Wa kusikilizwa tu,” alisema, akaona uso unamuwaka hadi masikioni.

“Haya, tusikilize. Na miguu yangu ipumzike.” Leokadia alisimama, nyumbu akasimama.

Severino alikaa ukutani, akalitoa gitaa, akapiga. Sijui niseme alipiga vipi. Alipiga vizuri, na hilo ndilo lililokuwa baya. Uzi mnene ulinguruma, visigino vililia, mtetemo ulishuka juu ya ngano kama mvua isiyolowesha. Alipofika kwenye kimya alinyanyua mkono, akamtazama nyumbu. Nyumbu alikuwa akifukuza nzi kwa mkia. Akamtazama Leokadia. Leokadia alingoja kwa adabu, kama mtu anayemngoja mgeni amalize kukohoa.

Wimbo ulipokwisha, Leokadia alifuta macho kwa ncha ya aproni.

“Mzuri,” alisema. “Msafi. Umenikumbusha chumba ambacho hakijalaliwa na mtu. Ni wa nani?”

Severino alikaza uzi ambao haukuwa umelegea.

“Nauliza kwa desturi tu,” Leokadia akaendelea. “Hapa hatujausikia. Au nyinyi mnaujua?”

“Wala,” akasema mwenye kitambaa chekundu. “Wa wakubwa huo. Kama hapana wa kuudai, ni wake. Mpeni mkate, masikini, kaja mbali.”

Wakamletea mkate, umemwagiwa mafuta ya zeituni na kunyunyizwa chumvi, mkate wa mwenye wimbo. Waliuweka mikononi mwake, mikono miwili, kwa heshima. Naye akaumega. Akatia mdomoni.

Sasa fikirini mtu huyu. Alikuja akiogopa hukumu, na hukumu imetoka, ameshinda. Mwenye mali ameangalia mali yake usoni akasema siijui, ichukue. Baada ya leo hata maiti yake haitakuwa na deni. Angeweza kushuka mlima na wimbo wake halali, halali kuliko wimbo wowote duniani, umehalalishwa na kinywa kilekile kilichoibiwa. Lakini mkate ulikataa kushuka. Ulikaa shavuni, ukavimba. Kwa nini hakuutambua? alijiuliza. Kwa sababu niliutoa kila kitu ambacho ni yeye. Pumzi zilizokatika nilizinyoosha. Vumbi nililipangusa. Mwizi wa kawaida anaiba mbuzi, na mwenye mbuzi akimwona njiani atamjua kwa mlio wake. Mimi niliiba, halafu nikaufanya mlio uwe mwingine, hadi mama mwenyewe anausifu kama wa mgeni. Aibu ya maiti aijua mwosha. Niliyeiosha ni mimi. Nani mwingine atajua ilikuwa na alama wapi?

Alitema mkate kiganjani. Katika nchi ile hakuna aliyewahi kuona mtu anatema mkate huo.

“Ni wako, Mama.”

“Nini changu?”

“Wimbo. Ni wako.”

Leokadia alicheka hadi akashika kiuno. “Wangu! Mwanangu, usinibebeshe mtoto wa watu. Wangu una vumbi. Wangu una pua yenye mafua. Huo wako umeoga umejipaka manukato.”

“Nilimwogesha mimi.”

“Basi ulimwogesha akafa.”

“Ndiyo, Mama.”

“Huyu kapigwa na jua,” alisema mwenye kitambaa. “Mpeni maji.”

Severino alisimama. Hakulishika gitaa. Alijua kwamba anachotaka kufanya hakuna profesa aliyewahi kumwona akikifanya, wala mkewe, wala kioo chake. Alifumba macho, akauimba wimbo kwa sauti yake mbovu ya mtu aliyezoea kuimba kwa vidole. Akafika katikati, na mahali pa mapigo manne akapanua kifua akapayuka kwa nguvu zake zote:

“Baba punda, mama farasi, wewe nani? Tembea, mla bure wee!”

Mlima ukarudisha: wewe nani, wewe nani. Nyumbu alishtuka, akanyanyua kwato, akatembea. Alipita kaskazini, mahali pake pa kusimama, bila kusimama. Leokadia aliiachia kamba. Alibaki pale alipo, na miaka yote ya duara ikamkuta usoni kwa pamoja, ya mashariki na ya magharibi, hata usingeweza kusema ni bibi au binti.

“Maneno hayo nani kakufundisha?”

“Wewe. Nilikuwa nimekaa pale, na daftari.”

“Yule kijana aliyekula tini zangu?”

“Ndiye.”

“Ndiye!” wanawake walidakia, mmoja akapiga makofi mara moja akaacha.

Leokadia alimsogelea. Hakuwa na hasira, na Severino angelipa chochote awe nayo. “Sasa niambie. Maneno unayajua, umeyakumbuka vizuri, hata ‘mla bure’ hukumsahau. Mbona kwenye gitaa hayamo?”

“Niliona haya, Mama.”

“Haya ya nini?”

“Yako.” Alisema akitazama mawe. “Nilijiona mbele ya wakubwa, wamevaa, wamekaa kimya, na wewe katikati unamtukana nyumbu. Nikakuonea haya. Nikakutoa.”

“Ukaweka nini mahali pangu?”

“Sikuweka kitu.”

“Na wakubwa wakapenda?”

“Hicho ndicho walichopenda kuliko vyote.”

Upepo ulipita juu ya ngano. Mwenye kitambaa chekundu aliinama akaokota bua na kulivunjavunja. Leokadia alikaa ukutani kando ya lile gitaa. Alilitazama tundu lake kwa muda, kama anayechungulia kisima kuona kama kuna mtu.

“Ungesema wimbo ni wako kwa sababu una vidole hodari,” alisema taratibu, “ningekuelewa, vidole unavyo. Ungesema ulikuwa na njaa, ningekusamehe kabla hujamaliza. Lakini ulikula kwangu, ukanionea haya, ukaenda kuwauzia watu tundu la pale nilipokuwa nimesimama. Mwanangu. Rudisha.”

Alikuwa amelitarajia neno hilo kwa miaka thelathini na moja, na lilipokuja lilikuwa dogo, kama punje. Alinyoosha mkono wa kulia. Leokadia aliagiza mkasi wa kukatia manyoya ya nyumbu, mkubwa, wenye kutu kwenye bawaba. Akaushika mkono ule juu ya paja lake kama anavyoshikwa mtoto anayetolewa mwiba, akakata: kidole gumba, cha shahada, cha kati, cha pete. Severino alizitazama kucha zikidondoka katikati ya makapi, na baada ya muda hakuweza kuzitofautisha na makapi.

“Hiki kidogo nikiache?” Leokadia aliuliza.

“Hicho hakipigi kitu, Mama.”

“Basi kibaki cha kujikunia.” Wanawake wakacheka, na kicheko chao hakikumuumiza alivyodhani. Kilimuuma kwa namna nyingine, kama maji ya moto kwenye miguu iliyokufa ganzi.

Alianza kulifunika gitaa. Alidhani amemalizwa, kilichobaki ni kushuka. Aliwaza mji, ukumbi, matangazo yenye sura yake, namna atakavyosimama na kusema sikuota, mara ya kwanza katika nchi ile mtu kusema hivyo, na hakujua kama sheria ina adhabu ya kumtosha.

“Unakwenda wapi?” Leokadia aliuliza.

“Nishuke, Mama. Umeshanihukumu.”

“Nimeuhukumu wimbo. Wewe bado una mikono na makalio. Ngano hii huioni?” Alionyesha duara kwa kidevu. “Ubao mwepesi, meno hayashiki. Tulikuwa tukiweka mawe juu yake, yakawa yanaanguka kwenye kona. Njoo ukae uwe uzito.”

“Mimi?”

“Unadhani namwambia nyumbu?”

Alivua viatu. Akakanyaga ngano kwa miguu mitupu, laini, ya mtu wa mazulia, mabua yakamchoma. Akakaa juu ya ubao kwa suti yake, magoti yamefika kidevuni, mbele ya macho ya kijiji kizima.

“Si hapo. Katikati,” Leokadia alisema. “Usiegemee upande. Na usishike kitu.”

Kamba ilikazwa, nyumbu akavuta. Chini yake Severino alihisi gumegume likiuma mabua, likiyakata kweli sasa, na punje zikitoka zikigonga ubao. Walipita mashariki, wakapita kusini. Leokadia alikohoa, akatema mate pembeni, akaanza kuimba. Alipita sehemu ile yote ambayo dunia iliijua, na tusi lake mahali pake, akaingia katika sehemu nyingine aliyoiimba siku zote baada ya adhuhuri, wakati kijana mwenye daftari alikwisha kushuka. Severino hakuwahi kuisikia. Ilikuwa ndefu kuliko ile ya kwanza, na kiitikio chake kilirudi mara moja, kikarudi mara ya pili. Mara ya tatu alifungua mdomo aitikie.

“Wewe,” Leokadia alisema bila kugeuka, “sikiliza kwanza.”